Dodoso la dalili za tumbo kwa Kiswahili: namna ya kuliandaa hatua kwa hatua

Kila msimu wa kuandika pendekezo la utafiti ukifika, maswali huwa ni yale yale. "Dodoso la Rome lipo kwa Kiswahili?" "Naweza kulitafsiri mwenyewe wikiendi hii?" "Nikiajiri mfasiri mmoja mzuri, si inatosha?" Dodoso la Rome ni maswali ya kutambua matatizo ya tumbo, yaliyoandaliwa na taasisi ya kimataifa iitwayo Rome Foundation. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi wa uzamili wa tiba, muuguzi unayefanya utafiti kliniki, au mfasiri uliyeitwa kusaidia na hujui pa kuanzia.

Jambo moja la kuelewa kwanza, nadharia nyingine tutaiacha. Kuna wagonjwa wanaoumwa tumbo kwa miezi au miaka, lakini endoskopia inaonyesha pasafi, ultrasound haionyeshi kitu, na kipimo cha choo hakina mdudu. Hawa ndio wenye matatizo ya utendaji wa mfumo wa chakula, kama vile IBS (irritable bowel syndrome: tumbo kuuma pamoja na choo kubadilika), dispepsia isiyo na kidonda (shida ya sehemu ya juu ya tumbo, kama maumivu au kushiba upesi), na kukosa choo kwa muda mrefu bila sababu inayoonekana. Ugonjwa wao hauna kipimo cha maabara, hutambuliwa kwa maelezo yao wenyewe. Vigezo vinavyotumika duniani ni vya Rome IV, yaani toleo la nne la Rome Foundation, vilivyotolewa mwaka 2016. Kwa IBS, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki, kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita, yakiambatana na mambo mawili au zaidi kati ya haya matatu: kuhusiana na kwenda haja kubwa, mabadiliko ya mara ngapi mtu anapata choo, na mabadiliko ya muonekano wa choo. Dalili ziwe zimeanza angalau miezi 6 nyuma.

Kwa hiyo neno moja likiteleza, mtu mzima anaitwa mgonjwa au mgonjwa anaambiwa hana kitu. Utafiti mkubwa wa Rome Foundation uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulikuta karibu asilimia 40 ya waliojibu kwa intaneti wana tatizo mojawapo la aina hii, dhidi ya karibu asilimia 21 ya waliohojiwa ana kwa ana majumbani. Nchi zilitofautiana, ndiyo, lakini namna ya kuuliza pia ilitofautiana, na watafiti wenyewe waliripoti makundi hayo mawili kila moja peke yake. Kumbuka takwimu hizo kila unapotaka kuruka hatua.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya maandishi. Madodoso haya ni mali ya Rome Foundation na yana leseni. Waandikie kwanza, uwaulize mambo mawili: kuna toleo la Kiswahili tayari? Kuna mtu ameshaanza kulifanyia kazi? Huenda jibu lao likakuokolea mwaka mzima.
- Kibali cha maadili ya utafiti. Anza na bodi ya chuo chako, kisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) ukiwa Tanzania Bara, au leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) ukiwa Kenya. Mahojiano ya kujaribu maswali nayo ni utafiti kwa watu, usijidanganye kuwa yako nje ya kibali.
- Wafasiri wawili wa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na angalau mmoja wa kurudisha ambaye hajawahi kuliona dodoso la asili.
- Kamati ndogo: daktari wa mfumo wa chakula, muuguzi wa wodi au kliniki, mtu wa lugha, na mtu mmoja asiye wa hospitali kabisa. Huyo wa mwisho usimwache.
- Mchoro wa mwili wa mtu, mbele tu, na chati ya Bristol ya aina 7 za choo.
- Daftari la maamuzi. Kila neno mlilochagua, mliloacha, na kwa nini.
- Muda. Hesabu miezi, usihesabu wiki.

Hatua

1. Chagua sehemu unazozihitaji. Dodoso kamili la watu wazima ni refu, na mgonjwa aliyetoka Kibaha kwa daladala hatakaa saa nzima. Kama utafiti wako ni wa IBS na kukosa choo, chukua sehemu hizo na maswali ya dalili za hatari. Usichague swali moja moja ndani ya sehemu, kwa sababu hesabu ya utambuzi inategemea maswali yote kuwepo.

2. Andika jedwali la dhana kabla ya kutafsiri hata sentensi moja. Kwa kila swali jaza safu nne: dalili gani inaulizwa, iko wapi mwilini, kizingiti chake (kiwango ambacho dalili huanza kuhesabiwa) ni kipi, na dalili gani nyingine isichanganywe nayo. Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Chukua mfano wa "tumbo kujaa". Kiingereza kina dalili tatu tofauti ambazo sisi tutazisemea neno hilo hilo. Kuna kujisikia chakula kimekaa tumboni muda mrefu baada ya kula. Kuna hisia ya gesi na kubanwa, hata kama hujala. Na kuna tumbo kuvimba hadi nguo inabana na mtu mwingine anaona kwa macho. Ya kwanza ni ya dispepsia, mbili zilizobaki ni za kundi jingine. Ukiandika "Je, tumbo lako hujaa?" umeuliza maswali matatu na utapata jibu moja. Yatenganishe: "kujisikia chakula kimekaa tumboni bila kushuka", "tumbo kujaa gesi", "tumbo kuvimba likaonekana limekuwa kubwa". Na usikimbilie "kuvimbiwa". Kwa baadhi ya wasomaji ni kushiba kupita kiasi, kwa wengine ni kukosa choo.

Sehemu ya juu ya tumbo nayo ina mtego. "Chembe ya moyo" ni neno zuri, manesi wanalitumia kila siku kliniki ya wajawazito, lakini wapo watakaosikia "moyo" wakakuelezea mapigo yanavyokwenda mbio. Andika neno, kisha weka mchoro, na mgonjwa aoneshe kwa kidole kimoja. Kiungulia kiache kwa kile kinachopanda kifuani kuelekea kooni. Moto unaobaki pale pale chini ya chembe ya moyo ni dalili nyingine, na ina swali lake.

3. Pata tafsiri mbili, kila mmoja afanye peke yake. Mmoja awe mtu wa afya, mwingine asiwe. Yule wa afya atakuandikia "kutoa kinyesi", yule wa pili atakuandikia "kwenda haja kubwa". Unahitaji kuziona zote mbili. Wasiwasiliane hadi wamalize.

4. Ziunganishe mkiwa mezani pamoja. Someni kwa sauti. Dodoso litasomewa watu wengi, na sentensi inayomkwamisha msomaji itamkwamisha zaidi msikilizaji. Angalieni hasa mambo haya:

"Choo" ni jengo na ni kinyesi. "Una tatizo la kukosa choo?" kijijini linaweza kujibiwa na mtu asiye na choo nyumbani kwake. "Unapata choo mara ngapi kwa wiki?" halina shida hiyo.

"Dawa ya kuharisha" ni dawa ya kumfanya mtu aharishe au ya kumzuia? Watu wengi watasikia ya kuzuia. Kwa kuwa kukosa choo hupimwa kwa choo kilichokuja bila msaada wa dawa, andika "dawa ya kulainisha choo au kukifanya kitoke", halafu taja mifano: vidonge vya duka la dawa, sanamaki, shubiri, mafuta ya mbarika. Usipotaja mitishamba hutaambiwa, maana kwa wengi hiyo haihesabiwi kuwa dawa.

Swali la kukanusha ni marufuku. Ukimwuliza mtu "Hujawahi kuumwa tumbo usiku?" naye akajibu "Ndiyo", amekubaliana nawe kuwa hajawahi. Mhojaji ataweka alama kwenye "Ndiyo", na data yako imegeuka juu chini.

"Maumivu" yabaki maumivu. Rome III ya mwaka 2006 ilikubali maumivu au hali ya kutojisikia vizuri tumboni. Rome IV iliiondoa hiyo ya pili kwa sababu lugha nyingine hazina neno lake, na hata penye neno watu walilielewa kila mmoja kivyake. Usiirudishe kwa mlango wa nyuma kwa kuandika "tumbo kukusumbua".

Na "vidonda vya tumbo" lisitumike popote kama dalili. Kwetu kila anayeungua tumbo husema ana vidonda, awe amepimwa au hajapimwa. Liwekee swali lake pembeni: nani alikuambia, na kwa kipimo gani?

5. Shughulikia namba na muda. Vizingiti vya kukosa choo vinasema dalili itokee zaidi ya robo ya safari za haja kubwa: kujikamua, choo kigumu, kujisikia hakijaisha, kujisikia kimezibwa, kulazimika kusaidia kwa kidole. Asilimia zinawachanganya hata waliosoma. Chukua punje kumi za maharage, ziweke mezani, sema: "Tuseme hizi ni safari zako kumi za haja kubwa. Nisogezee zile ambazo ulilazimika kujikamua sana." Punje tatu au zaidi, kizingiti kimevukwa. Fundisha wahojaji wote wafanye hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo.

Miezi 3 haishikiki kichwani bila alama. Tafuta tukio linalojulikana eneo lako: kuanza kwa masika, shule kufunguliwa, sikukuu. Epuka kukusanya data Ramadhani na wiki chache baada yake kama waliofunga ni wengi, kwa kuwa saa za kula zinabadilika na choo nacho kinabadilika.

Tofautisha "siku" na "mara". Kigezo cha IBS kinahesabu siku. Aliyeumwa mara nne Jumatatu peke yake ameumwa siku moja.

6. Rekebisha chati ya Bristol bila kugusa picha. Chati hii ilitengenezwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa na Lewis na Heaton mwaka 1997. Maneno yake ya asili yanataja karanga na soseji. Badilisha mifano, acha picha na mpangilio wa 1 hadi 7 kama ulivyo. Aina ya 1 kila mtu anaijua kama mavi ya mbuzi. Aina ya 6 ni kama uji mzito, ya 7 ni maji matupu. Katikati ndiko kwenye kazi, na hapo picha isaidie kuliko maneno.

Lakini kuna kikwazo ambacho wenye chati hawakukifikiria sana: choo cha shimo. Mtu anayejisaidia kwenye choo cha shimo, tena usiku na tochi ya simu, haoni kitu. Ukimlazimisha achague picha atachagua ile ya katikati ili muendelee. Weka jibu la "huwa sioni", kisha uulize kwa hisia: kilikuwa kigumu kutoka, laini, au majimaji? Wengine wataweza kukujibu bila kukiona. Jibu la aina hii liandikwe mahali pake kwenye fomu, lisichanganywe na waliochagua picha, kwa sababu kugawa IBS katika aina ya kukosa choo na aina ya kuharisha kunategemea chati.

7. Rudisha kwa Kiingereza. Mfasiri asiyejua dodoso la asili arudishe toleo lenu. Linganisha maana, usilinganishe maneno. Tahadhari: tafsiri ya kurudisha iliyofanana mno na ya asili mara nyingi ni dalili kuwa Kiswahili chenu kimefuata Kiingereza hatua kwa hatua, na mgonjwa hatakielewa.

8. Kamati ikae. Jedwali la dhana mezani, swali moja baada ya jingine. Daktari asiruhusiwe kushinda kila hoja. Yule asiye wa hospitali akisema "mimi hapa sijaelewa", swali linarudi.

9. Wahoji watu kuhusu maswali yenyewe. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Miongozo inayotumika sana hutofautiana: mingine inataja watu 5 hadi 8, mingine 30 hadi 40. Mimi hupendelea makundi madogo kwa awamu: wachache, rekebisha, wachache tena, hadi maswali yaache kuleta mshangao. Changanya wanawake na wanaume, wazee na vijana, waliosoma na wasiosoma, wenye dalili na wasio nazo.

Usiulize "Umeelewa?" Kila mtu ataitikia ndiyo kwa heshima. Mwambie akurudishie swali kwa maneno yake na akupe mfano wa siku moja. Mazungumzo ya aina hii ndiyo unayoyatafuta:

— Mama, hilo swali umelielewaje?
— Umeniuliza kama nashiba upesi.
— Ukanijibu kila siku. Hebu nieleze jana ilikuwaje.
— Jana tulikula ugali na dagaa, sinia moja na wanangu. Nikala matonge matatu, nikaacha.
— Uliacha kwa kushiba?
— Sasa mwanangu, wale watoto wangekula nini?

Kwenye karatasi huyu ana dispepsia. Swali la asili linadhania kila mtu ana sahani yake na kiasi chake. Kwa watu wa sinia, liongezewe: "hata kama chakula kipo cha kutosha, unashindwa kula kiasi ulichokuwa ukila zamani?" Marekebisho haya yaandikwe kwenye daftari, na mwenye leseni aarifiwe.

Kuhusu aibu: anza na salamu kamili, shikamoo kwa anayestahili, kisha sema wazi. "Samahani mama, nitakuuliza mambo ya chooni, ni ya kitabibu, na hayatoki hapa." Swali la kutumia kidole liweke mwishoni mwa sehemu yake na ulianzie kwa wengine: "Kuna watu choo kikikwama hulazimika kukisaidia kwa kidole. Wewe imewahi kukutokea?" Kijana wa kiume asimwulize mama wa makamo maswali haya kama kuna muuguzi wa kike hapo kliniki.

10. Jaribu kwa wagonjwa halisi, kisha pima. Vitu viwili vinatosha kwa tasnifu nyingi. Kwanza, je, majibu yanajirudia? Rudia dodoso baada ya wiki moja hadi mbili kwa watu ambao hawajaanza dawa mpya, na utumie kappa (kipimo cha takwimu cha makubaliano) kwa utambuzi wenyewe. Pili, je, linakubaliana na daktari? Daktari atoe utambuzi wake bila kuona majibu ya dodoso.

Usipige alfa ya Cronbach (kipimo cha takwimu cha kama maswali yanaenda pamoja) kwa dodoso zima halafu ukajisifu. Hizi ni sehemu za magonjwa tofauti zenye maswali ya kuruka, yanayoachwa kutegemea jibu lililotangulia. Hakuna sababu kiungulia na choo kigumu viende pamoja, na alfa kubwa hapo haikuambii chochote.

Onyo kabla hujaanza kuwapa watu majina ya magonjwa

Dodoso peke yake halitambui ugonjwa. Vigezo vinadhania mgonjwa ameshachunguzwa ipasavyo. Kwetu hilo lina uzito wake: amiba, giardia, bakteria wa tumbo anayeitwa H. pylori, na kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha utumbo, vyote vinaweza kujaza fomu ya IBS vizuri kabisa. Mwenye damu kwenye choo, aliyepungua uzito bila kutaka, mwenye upungufu wa damu, homa, au dalili zilizoanza ghafla akiwa na umri wa miaka 50 na kuendelea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, awe ameingia kwenye utafiti au hajaingia. Mpangilio huo uwe umeandikwa kabla ya siku ya kwanza ya kukusanya data.

Mambo yanayokwama mara kwa mara

*Karibu kila mtu anaonekana ana ugonjwa.* Angalia kwanza maneno ya muda. Mara nyingi wahojaji wameacha kusema "katika miezi 3 iliyopita" baada ya swali la tatu, na watu wanajibu kuhusu maisha yao yote. Rudisha maneno hayo ndani ya kila swali, hata kama yanachosha.

*Karibu hakuna mwenye ugonjwa.* Angalia nani anahoji na wapi. Benchi la nje ambapo foleni nzima inasikia haliwezi kukupa ukweli kuhusu haja kubwa.

*Wanawake wengi wanafikia kigezo cha maumivu.* Hakikisha swali la hedhi limebaki. Maumivu yanayokuja siku za hedhi tu yanatengwa, na kwa wengi "tumbo linauma" ndivyo wanavyosema wakiwa kwenye siku zao.

*Wafasiri wawili hawakubaliani na hakuna anayelegeza.* Usipige kura. Beba matoleo yote mawili kwenye mahojiano ya hatua ya 9, wahojiwa wataamua.

*Watu wanachanganya kubeua na kucheua.* Usitegemee neno. Eleza: hewa tu inatoka mdomoni, au chakula kinarudi?

*Toleo la Dar linaweza kutumika Mombasa, Bukavu au Lubumbashi?* Mombasa, rudia angalau hatua ya 9, kwani maneno ya kuharisha na kukosa choo yanabadilika hata ndani ya nchi moja. Kwa Kongo anza hatua ya 3 na wafasiri wa huko huko. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina sarufi na msamiati wake, na mtu atakayesomewa Kiswahili sanifu cha redio ya Tanzania atajibu kwa adabu bila kuelewa nusu yake.

*Wenzangu wananiomba nakala.* Leseni ni ya utafiti wako. Weka namba ya toleo na tarehe kwenye kila ukurasa, tuma toleo la mwisho pamoja na daftari la maamuzi kwa Rome Foundation, na wenzako waelekeze huko. Faili likishaingia kwenye kundi la WhatsApp la kozi, ndani ya muhula mmoja kutakuwa na matoleo matano, na kila mmoja ameshabadilisha swali moja alilodhani ameliboresha.